Hilux Iliyouzwa Kabla Haijaingia Nchini

Karani wa dirisha la plaki, yaani namba za magari, hakusoma hata mstari mmoja wa barua ya mauzo. Alifungua bahasha, akapekua mpaka karatasi ya forodha, akaweka ukucha wa dole gumba kwenye kisanduku kidogo cha juu, akasema: “Papa, hii ni IM5. IM4 iko wapi?”

Mhandisi hakuwa na IM4, wala hakujua kwamba kuna kitu chenye jina hilo. Wiki tatu kabla alikuwa amelipa dola 7,800 taslimu. Gari lilikuwa nje chini ya mwembe, ufunguo mfukoni mwake, na ndani ya bahasha mlikuwa na karatasi kumi na moja, nyingi zikiwa na mihuri. Kwao Mbeya, mtu mwenye karatasi kumi na moja zenye mihuri ana gari.

Jioni ile alikuja kwangu Bel-Air, mtaa wa Lubumbashi, Congo, bahasha kwapani. Mimi nilikuwa deklaranti, yaani wakala wa forodha, Kasumbalesa kwenye mpaka wa Zambia kwa miaka mingi kabla ya kuchoka na vumbi la mpakani, na watu wa mtaa bado huniletea karatasi zao kama vile mganga mstaafu anavyoletewa watoto wenye homa. Amenikubalia niandike kisa chake, mradi nisitaje jina lake. Jina la kampuni iliyomuuzia pia naliacha. Naandika kwa sababu kila mkataba wa migodini unapokwisha hapa Lubumbashi, magari ya namna hii huuzwa kwa namna hii hii, na wanunuzi mara nyingi ni wageni waliofika juzi.

Alikuja kwa mkataba wa miaka miwili katika karakana inayohudumia migodi. Visa ya kazi na kadi ya kazi ya mgeni vilishughulikiwa na mwajiri, nyumba vilevile. Gari halikuwamo. Kazi yake inampeleka Likasi mara mbili kwa wiki, kama kilomita 120, na taksi za mjini hazikufai kwa safari ya namna hiyo ukiwa umebeba sanduku la vyuma. Alitaka pikapu ya milango minne, tena yenye usukani wa kulia, kwa kuwa huo ndio aliojifunzia.

Hapo ndipo nilipomkatiza kwa mara ya kwanza. Congo tunapita upande wa kulia wa barabara, kwa hiyo volan yenye akili inakaa kushoto. Mji wetu umejaa magari ya volan ya kulia, kwa sababu yanashuka kutoka Dar es Salaam na Durban na bei yake ni nafuu. Lakini jaribu kulipita lori la shaba kwenye barabara ya Likasi ukiwa umekaa kulia. Wewe unaona matairi yake na mtaro. Anayeona kama mbele kunakuja kitu ni abiria wako wa kushoto, na mhandisi husafiri peke yake. Aliniambia atazoea. Sikubishana naye, maana hilo halikuwa shida yake ya usiku ule.

Alikuwa na njia tatu. Ya kwanza ilikuwa Hilux ya mfanyabiashara mmoja wa mjini, imelipiwa kila kitu, carte rose, yaani kadi ya usajili, iko kwa jina la muuzaji, bei 11,500. Ya pili, kuagiza gari Dar kupitia binamu yake: lipande mpaka Tunduma, livuke Nakonde, lipite Kapiri Mposhi na Chingola, lifike Kasumbalesa baada ya kilomita zinazokaribia 2,000. Alikuwa amejiaminisha kwamba tangu Congo ilipotia saini kuingia Jumuiya ya Afrika Mashariki, Aprili 2022, Mtanzania halipi ushuru. Nilimwambia kwamba Toyota iliyotengenezwa Japani haigeuki kuwa zao la Jumuiya kwa kuoshwa bandarini Dar, na kwamba njia yenyewe inapita Zambia, ambayo si ya Jumuiya. Halafu kuna FERI, ile fomu ya OGEFREM, ofisi ya serikali ya mizigo, ambayo kila mzigo unaoingia Congo unatakiwa kuwa nayo, na bila hiyo lori linalala mpakani huku unahesabiwa siku. Njia ya pili aliiacha mwenyewe kwa kukosa subira.

Ya tatu ilikuwa Hilux yenye namba za GP, yaani za Gauteng kule Afrika Kusini. Mali ya kampuni ya kigeni ya uchorongaji, mkandarasi mdogo wa mgodi mmoja, mkataba umekwisha na wenyewe wanafunga mizigo. Iliombwa 8,500. Komisioneri, yaani dalali, aliyempeleka yadini alimwambia maneno ambayo mhandisi aliyarudia mbele yangu neno kwa neno, kwa lafudhi yetu kabisa: “Mukubwa, makaratasi yote iko. Kilichobaki ni plaki tu, njo ile.”

Sentensi hiyo nimeifikiria sana. Mtanzania na mtu wa Lubumbashi wanaelewana Kiswahili kiasi cha kutosha kuuziana gari, lakini si kiasi cha kutosha kuulizana maswali ya pili. Mhandisi alisikia “kila kitu kimekamilika”. Komisioneri alisema karatasi zipo, na kweli zilikuwepo, kumi na moja. Karatasi za nini, hilo halikuulizwa. Na hapa karatasi zenyewe zimeandikwa Kifaransa, lugha ambayo mhandisi anajua salamu zake tu.

Nilimwomba anisimulie siku ya malipo, kwa sababu siku hiyo husema mengi. Walikaa kwenye kontena lililogeuzwa ofisi, kiyoyozi kinanguruma, mkuu wa lojistiki akamtengenezea kahawa. Bei ilishuka mpaka 7,800. Kisha fedha zikahesabiwa. Aliyepokea aliinua kila noti ya mia kwenye mwanga wa dirisha, akazirudisha tatu: moja ilikuwa na mpasuko wa upana wa punje ya mchele pembeni, moja ilikuwa na alama ya kalamu, moja ilikuwa ya toleo la zamani. Mhandisi hakuwa na nyingine. Ilibidi dereva wa kampuni ampeleke mjini kwa wabadilisha fedha, wakambadilishia kwa kumkata, wakarudi. Saa moja na nusu ilikwisha kwenye noti tatu. Karatasi ya forodha alioneshwa, akaona muhuri wa DGDA, yaani forodha yetu, akairudisha kwenye bahasha.

Tuifungue bahasha hiyo sasa.

Mlikuwa na faktura, yaani ankara, ya mauzo yenye muhuri wa kampuni. Barua ya mauzo. Kadi ya usajili ya Afrika Kusini. Asiransi, yaani bima, iliyokwisha muda. Nakala mbili za pasipoti za watu ambao mhandisi hakuwahi kuwaona. Karatasi za huduma za gereji, ambazo kusema kweli zilikuwa nzuri, gari lilitunzwa. Risiti ya forodha, na deklarasyo yenyewe, yaani tamko la forodha.

Deklarasyo ndiyo gari. Neno hili nimelisema kwa wateja wengi na wachache wamenisikia, kwa sababu mtu anayenunua gari huanza na boneti. Mhandisi alilala chini ya Hilux ile dakika arobaini, akagonga fremu kwa bisibisi, akasikiliza injini ikiwa baridi na ikiwa moto. Angetumia dakika moja kusoma kisanduku cha kwanza juu ya karatasi ile, dakika arobaini zingengoja.

Katika Sydonia, mfumo wa kompyuta wa forodha yetu, IM4 maana yake mzigo umeingia nchini moja kwa moja, umelipiwa, utumike na uishe humu humu. IM5 maana yake mzigo ni mgeni wa muda. Kampuni imeuleta kwa ajili ya kazi fulani, kwa muda fulani, na kazi ikiisha utarudi ulikotoka. Ushuru unasimamishwa, haujafutwa. Ili forodha isimamishe ushuru, kampuni huacha dhamana, ile tunayoita caution. Kwa macho ya forodha, basi, Hilux ile ilikuwa bado Afrika Kusini. Kilichokuwa kinatembea Lubumbashi ni mgeni mwenye tarehe ya kuondoka. Nayo tarehe hiyo ilikuwa imepita miezi mitano.

Ile risiti yenye muhuri, iliyomtuliza mhandisi, ilikuwa ya fedha ndogo za kufungulia faili. Watu hudhani muhuri wa DGDA ni muhuri wa ushuru. Muhuri unathibitisha kwamba ulilipa kile kilichoandikwa juu yake, basi. Lazima usome ulilipa nini.

Je, alidanganywa? Mkewe, aliyekuwa anasikiliza kwenye simu kutoka Mbeya, alikuwa ameshahukumu: wezi. Mimi sikuwa na uhakika huo. Chini ya faktura, kwa herufi ndogo, palikuwa na mstari: “formalités douanières à charge de l’acquéreur”. Mambo ya forodha ni mzigo wa mnunuzi. Mkuu wa lojistiki alijua alichokuwa anauza na aliandika. Komisioneri aliposomewa mstari ule alimtafsiria mhandisi kuwa ni “ile kazi ya plaki”, na sidhani kama alijua zaidi ya hapo. Makomisioneri wengi wanajua bei za magari kuliko wanavyojua magari. Na tofauti kati ya 11,500 na 7,800 kwa magari mawili ya umri mmoja ilikuwa inapiga kelele tangu mwanzo. Mhandisi alidhani ni haraka ya kampuni kuondoka.

Nilimweleza njia zilizobaki. Kuirudisha gari na kudai fedha. Kuibadilisha IM5 kuwa IM4, yaani kulipa ushuru sasa, lakini kwa saini ya kampuni, kwa kuwa deklarasyo ni yao na ahadi kwa forodha ni yao. Au kuendelea kuendesha hivyo hivyo.

Alichagua ya tatu. Alikasirika, na mtu mwenye hasira hapendi kulipa mara ya pili.

Kwa miezi miwili aliendesha na namba za GP, na alikuwa na kidaftari. Wahandisi ni watu wa vidaftari. Kila aliposimamishwa na roulage, polisi wa barabarani, aliandika tarehe, mahali, na matabishi aliyotoa, yaani kitu kidogo. Faranga elfu tano hapa, elfu kumi pale, siku nyingine soda. Mwisho wa miezi miwili alinionesha jumla: karibu dola 87. Akaniambia kwa ushindi, “Kaka, kwa mwendo huu nitamaliza mkataba wangu kabla sijafika dola elfu moja na mia moja. Ushuru wenu ni zaidi ya mara mbili ya hapo.”

Hesabu yake ilikuwa sahihi. Hili watu wanaotoa mawaidha huwa hawalisemi: matabishi ni nafuu. Ingekuwa ghali kuliko ushuru, hakuna mtu angeitoa. Ila daftari lake lilikuwa na safu moja tu, ya vitu vilivyokwisha kutokea. Brigedi ya forodha ya barabarani haimtafuti aliyekosa, inalifuata gari. Anayekutwa kwenye usukani ndiye wa kujieleza, na gari likishaingia kwenye yadi yao, mgeni ndiye wa kuhangaika kulitoa. Na asiransi hakuwa nayo. Kampuni aliyoiendea iliomba carte rose, akatoka mikono mitupu. Asiransi ya kumlinda mtu wa tatu ni lazima Congo tangu sheria ya Januari 1973, na bila hiyo, ukimgonga mtu, wewe mwenyewe ndiye asiransi.

Kilichombadilisha hakikuwa maneno yangu. Ilikuwa baiskeli ya makala, yaani mkaa. Kwenye barabara ya Kasenga, alfajiri, wanaume hushuka mjini na baiskeli zilizopakiwa magunia mpaka huoni kichwa cha anayesukuma. Mhandisi alimkwepa lori, kioo chake cha kushoto kikalikwaruza gunia, baiskeli ikaanguka, makala yakamwagika barabarani. Mtu hakuumia. Lakini kwa dakika mbili, wakati vumbi jeusi linatulia na watu wanakusanyika, hakujua kama ameumia au hajaumia. Aliniambia kwamba katika dakika hizo alifikiria kitu kimoja tu: kwamba gari analoendesha halina jina lake popote, kwamba yeye ni mgeni mwenye visa ya kazi, na kwamba hana karatasi hata moja ya kumwonesha polisi isiyoongeza kosa. Alilipa magunia na ukingo wa gurudumu. Jioni alikuwa tena kwenye kiti kile kile nyumbani kwangu, na bahasha.

Safari hii nilikuwa nimefikiri zaidi, na nakiri kwamba mara ya kwanza nilimpa orodha bila kumwonesha mlango uko wapi. Mlango ulikuwa ile dhamana.

Kampuni inapofunga kazi zake nchini, inataka caution yake irudi. Forodha hairudishi mpaka kila IM5 ifungwe: ama kwa karatasi ya kutoka mpakani, ama kwa IM4 iliyolipiwa. Hilux ilikuwa imeuzwa, lakini kwenye Sydonia IM5 yake ilikuwa wazi, inahesabu siku, na dhamana imekwama nayo. Mhandisi alidhani kampuni imekula fedha yake na kuondoka zake. Ukweli ni kwamba kampuni ilikuwa imefungwa kwenye gari lake kwa kamba ambayo hakuiona. Mkuu wa lojistiki aliyefurahi kupata 7,800 alikuwa amemwachia bosi wake wa ng’ambo shimo kubwa kuliko 7,800, na huenda hakumwambia.

Kwa hiyo hatukuandika barua ya kulalamika. Tuliandika mistari sita, kwa Kifaransa safi, kwa ofisi kuu yao na si kwa yadi: IM5 namba fulani, ya tarehe fulani, haijafungwa na muda wake umepita. Gari liko kwangu, namba ya chasisi ni hii. Ama mtie saini tulibadilishe kuwa IM4, ama mlichukue mlirudishe kwenu na mnirudishie fedha. Tuliambatisha picha ya sahani ya chasisi, na mchoro wa namba yenyewe uliosuguliwa kwa penseli juu ya karatasi nyembamba, ile njia ya zamani, kwa sababu picha ya simu mtu anaweza kusema ni ya gari jingine.

Jibu lilikuja siku ya pili. Kabla ya hapo mhandisi alikuwa amepiga simu yadini mara tisa bila kupokelewa.

Mazungumzo yalikuwa marefu kuliko yanavyostahili kusimuliwa. Mhandisi alitaka kampuni ilipe nusu ya ushuru. Nilimshauri asipigane hapo, maana mstari wa faktura ulikuwa dhidi yake, na mtu mwenye karatasi dhidi yake asiufungue mdomo sana. Faini ya kuchelewa, hata hivyo, ilikuwa yao wazi: muda ulipita gari likiwa bado mikononi mwao, kabla mhandisi hajalijua. Hiyo wakakubali, dola 600, na wakatuma mtu mwenye hati ya kutia saini.

Ushuru wenyewe una tabia moja inayowashangaza wageni, na afadhali nioneshe kwa mfano wa kubuni wenye viwango vya kurahisisha. Tuseme forodha imeliona gari lina thamani ya 6,000, na ushuru tuseme ni 10 kwa mia: hapo ni 600. TVA yetu, kodi ya ongezeko la thamani, ni 16 kwa mia, lakini haitozwi kwenye 6,000. Inatozwa kwenye 6,600, yaani kodi inalipiwa kodi, na inakuja 1,056. Juu yake kuna malipo ya huduma za wakaguzi, OCC na wengine. Tena ile 6,000 si lazima iwe bei uliyoandikiwa kwenye faktura. Forodha ina rejea zake, na faktura ya bei ya chini sana humfanya mkaguzi akunje uso. Deklaranti mzuri hazungumzii asilimia, anazungumzia thamani, kwa sababu huko ndiko kuna nafasi ya kuzungumza. Kwa Hilux yetu, vyote kwa pamoja vilifika 2,640, na vililipwa benki kwa noti ya malipo, si mkononi mwa mtu.

Baada ya IM4 kutoka, mambo mengine yalikwenda kama maji ya mteremko. Kwenye dirisha lile lile la DGI, mamlaka ya kodi, waliomba nakala ya pasipoti, visa, na barua ya mwajiri. Karani yule yule. Hakumkumbuka mhandisi, alikumbuka karatasi. Carte rose ikatoka kwa jina lake, plaki ikafungwa, namba za GP zikafunguliwa na kuwekwa chini ya kiti. Kontrol teknik, yaani ukaguzi wa gari, kisha vinyeti, ile kodi ya gari ya mkoa. Asiransi alichagua mwenyewe, jambo ambalo wazee wetu hawakulijua: mpaka sheria ya 2015 ilipofungua soko, ilikuwa SONAS, kampuni ya bima ya serikali, au hakuna. Leseni alikuwa ameshaanza kuifuatilia CONADEP, nayo ni hadithi ya foleni tu.

Nimemwomba kidaftari chake ili nipate jumla. Gari 7,800. Komisioneri 300, alizolipwa siku ileile ya mauzo na hajarudi hata kuuliza hali. Ushuru na jamaa zake 2,640. Deklaranti 250, si mimi, mimi nilikula kuku tu. Plaki, carte rose, kontrol teknik, vinyeti na asiransi 410. Matairi mawili na bushi za mbele 380. Matabishi 87. Ukijumlisha unapata 11,867, bila kuhesabu magunia ya makala.

Ile Hilux ya mfanyabiashara ilikuwa 11,500. Wengi niliowasimulia wanacheka wakifika hapa, wanasema mjinga amelipa zaidi. Mimi siioni hivyo. Ile nayo ingehitaji kubadilishwa jina, asiransi, vinyeti, labda na matairi, na sijui kama mwenyewe angeshuka hata mia tatu. Kwa fedha, mhandisi huenda hata alipata nafuu kidogo. Alichokosea si bei. Alinunua gari kwa malipo ya awamu mbili bila kujua kwamba kuna awamu ya pili, wala italipwa lini, wala nani ataidai. Miezi minne aliishi na deni lisilokuwa na tarehe. Angejua, angeweza kulinunua gari hilohilo kwa raha zake: angewapa 5,000 mkononi, 2,800 zikabaki mpaka siku IM4 inatoka na saini zao. Kampuni inayotaka caution yake ingekubali kabla kahawa haijapoa.

Kuna na jambo la mbele. Yeye pia ni mtu wa mkataba. Miaka miwili itakwisha, naye atakuwa mgeni anayefunga mizigo na kuuza gari kwa haraka. Tofauti ni kwamba atakuwa anauza kwa carte rose yenye jina lake, na IM4 nyuma yake. Nimemwambia asiipe mtu nakala halisi ya IM4 hata kwa dakika kumi, aiweke pamoja na cheti cha ndoa.

Ofisi kuu ya kampuni ile ilituandikia mara moja zaidi, kushukuru. Mwishoni wakauliza kama tunamfahamu aliyenunua gari lao la pili, Land Cruiser nyeupe, ya wiki ileile na komisioneri yuleyule, maana IM5 yake nayo ilikuwa wazi na caution bado imeshikwa. Hatukumfahamu. Jumamosi iliyopita nikaiona, imeegeshwa karibu na soko la Kenya, mtaa wa humu humu mjini, GP mbele na nyuma, viti vya watoto ndani. Nilingoja karibu nusu saa kwenye kivuli cha kibanda cha muuza simu. Hakuja mtu. Nikaandika namba yangu nyuma ya risiti ya mkate, nikaibana chini ya waipa, na mpaka sasa hajapiga.